Bahari Haina Jumanne

Vijana wa zahanati, siku ile ya soda na mandazi ya kuniaga mliniambia niandike kidogo juu ya kazi. Nadhani mlisema kwa adabu tu, hamkutarajia nifanye. Samahanini, nimefanya. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo palipo na kosa mpasahihishe, na palipo na kujisifu mpapunguze. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikuwa navyo. Niliingia mhudumu, nikatoka mhudumu, katikati nikapewa koti.

Siku ya kwanza nilishuka Faza kutoka kwenye boti nikiwa nimetapika mara nyingi kuliko nilivyokula. Mtu wa Kitui na bahari, mnajua wenyewe. Aliyenipokea aliniuliza swali moja tu: "Unajua kuendesha baiskeli?" Nikasema najua. Nilikuwa najua kweli. Hakuniuliza kama najua kuiendesha mchangani.

Baiskeli ya kazi ilikuwa ile nyeusi ya chuma, bleki mamba, nzito kama deni la harusi, haina gia wala huruma. Niliipanda mbele ya foleni ya wagonjwa, nikapiga pedali kwa nguvu za kijana, gurudumu la mbele likazama, nikalala chini palepale kwenye lango. Bibi mmoja aliyekuja na jino linalouma alishika shavu, akacheka hivyo hivyo. "Yarabi! Na huyu ndiye atakayetubebea dawa?" Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa zahanati. Alikuwa fundi wa baiskeli, Bwana Bakari, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu mjini, aliyeoa Faza akabaki. Alikaa chini ya turubai kando ya duka la unga, na kila mteja alimrudisha nyumbani na baiskeli nzima na moyo uliojeruhiwa. Wiki yangu ya kwanza niliupaka mnyororo grisi nyingi, nikiona naudekeza. Mchanga ukaja ukakaa humo. Nilipompelekea, aliugusa kwa kidole akanionyesha. Jina langu ni Musyoka, ila wenyeji walilikata wakaniita Msyoka.

"Bwana Msyoka, huu si mnyororo. Umepika ugali."

Basi likawa somo la kwanza, na nyinyi mlishike hata kama mna pikipiki: ukitoka pwani, osha kwa maji matamu, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha tone la mafuta ya cherehani, tone tu. Somo la pili alinipa siku hiyohiyo, nami nikachukua miaka kulielewa. "Ndia ya mtanga haipigwi. Hubembelezwa." Njia ya mchanga, alimaanisha. Nilidhani anatunga shairi. Kumbe alikuwa akinifundisha kazi.

Miaka ikaenda. Nikamleta mke wangu Mwende kutoka bara, akapata kufundisha chekechea Mbwajumali, tukapanga nyumba huko. Tukajaliwa watoto, wa mwisho ni Kanini. Kila asubuhi nilitoka Mbwajumali kwa baiskeli kwenda kazini Faza, na kila jioni nikarudi. Sikuita mazoezi. Niliita kuchoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwenye eneo letu kilikuwepo kijiji cha mashamba tulichokiita Mwisho, kwa kuwa baada yake ni mikoko tu. Huko alikaa muuguzi mmoja, Bi Mwanaisha, kwenye chumba kimoja kisicho na jokofu. Jokofu liko Faza. Kwa hiyo Alhamisi moja kila mwezi, siku ya kliniki ya watoto, ilikuwa kazi yangu kufunga sanduku la baridi nyuma ya baiskeli, barafu na chanjo ndani, na kulifikisha kwake. Pikipiki ya ofisi wakati huo ilikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa, na bodaboda zilikuwa bado hazijajaa kisiwani kama sasa.

Shida ilikuwa saa. Kina mama wa Mwisho huenda mashambani jua likianza kukaza, kuwafukuza nyani kabla hawajala mihogo. Nyani hawangoji kliniki. Nikifika saa tatu, nakuta Bi Mwanaisha na mizani yake na mama mmoja mgonjwa asiyeweza kwenda shamba. Chupa ikishafunguliwa kwa mtoto mmoja, kilichobaki jioni humwagwa. Miezi ikapita hivyo, chanjo ikimwagwa mchangani.

Daktari wetu wa wakati huo (alikuwa kliniko ofisa, afisa wa tiba, lakini sote tulimwita Daktari) aliniita tulipokuwa tumetoka kwenye Maulidi. Nataka niwe mwadilifu kwake, maana wengi walimsema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anahesabu chupa zinazomwagwa, na ni kazi yake kuzihesabu.

"Bwana Musyoka," akasema, "nakupa mpaka mfungo wa Ramadhani. Ukiendelea kuwakosa kina mama, kliniki ya Mwisho naifunga. Waje Faza wenyewe."

"Daktari, ile njia na mtoto mgongoni..."

"Najua njia. Ndiyo maana nakupa muda. Sanduku lifike kabla hawajaondoka."

Nilitoka pale nikiwaona wale kina mama wakitembea na vichanga kwenye mchanga ule unaomeza kifundo, kwenda na kurudi, kwa sababu ya miguu yangu. Wengine wasingekuja kabisa, nilijua. Umri wangu ulikuwa umeshapita arobaini. Kitambi kilikuwa kimeanza kunitangulia kuingia mlangoni.

Nilikuwa na shemeji Nairobi aliyekuwa akishindana mbio za baiskeli. Nikampigia, akanitumia mpango wa mazoezi kwa simu. Ulikuwa mzuri, sina ubishi nao: Jumanne kasi, Alhamisi kilima, Jumamosi mwendo mrefu, siku zilizobaki kupumzika miguu. Nikaunakili kwa mwandiko wangu bora, nikaubandika jikoni juu ya mtungi. Mwende akausoma huku amekunja mikono.

"Baba Kanini, na maji?"

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Hapa Jumanne umeandika kasi. Madumu ya maji hayaendi kasi. Na Jumamosi mwendo mrefu, mimi nina mkutano wa chama, watoto utawaacha na nani, na kilima?"

Nikamweleza kwa upole kwamba mazoezi yanataka uhuru kidogo, mtu asibebeshwe mizigo. Akaniangalia.

"Hao wanaoshindana huko Ulaya, maji yao huchotewa na nani?"

Nikajifanya nanyoosha karatasi ukutani. Tukakubaliana nijaribu mpango wangu kwa mwezi, na yeye atachota maji mwenyewe. Alisema "haya" kwa sauti ambayo waliooa wanaijua.

Alhamisi ya kilima ilinishinda mapema. Kisiwa chetu, kama mjuavyo, hakina kilima. Chuguu kinacho, jaa la maganda ya kombe kinalo, kilima hakina. Nikatafuta, nikaona mteremko wa gatini Faza, pale wanapopandisha mizigo. Jioni nikawa nashuka mpaka kwenye maji, napanda, nashuka, napanda. Wapakuzi waliokaa juu ya magunia wakanitazama kwa huruma. Siku ya pili mmoja akaniita.

"Bwana Msyoka, kila siku wasahau nini huku gatini?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya kusahau?"

Mwenziwe akamwambia aniache, huenda kuna mtu namngoja kwenye boti. Jioni ileile habari zikamfikia Mwende kule Mbwajumali kwamba mumewe humngoja mtu gatini. Hapa kisiwani habari ina kasi ambayo sikuipata Jumanne yoyote.

Na hiyo Jumanne yenyewe sasa. Kutoka Faza kurudi nyumbani kuna mahali pwani ambapo bahari ikitoka huacha ukanda wa mchanga mgumu, umenyooka, kama lami aliyoimwaga Mungu mwenyewe. Jumanne ya kwanza nikatoka kazini, nikaukuta mkavu, nikapiga pedali mpaka shati likajaa upepo. Nilijiona mwingine. Nikajiambia, Musyoka, ulikuwa wapi siku zote hizi. Jumanne iliyofuata, saa ileile, nikaingia kwa kasi ileile nyuma ya kona ya mikoko, na ule ukanda haukuwepo. Kulikuwa na bahari. Niliingia na baiskeli mpaka magotini kabla breki hazijaelewa. Ikabidi nibebe bleki mamba begani, narudi nyuma maji yakipanda, na juu ya ukuta kulikuwa na wavuvi wanashona nyavu. Hawakucheka kwa sauti. Waliinamisha vichwa kwenye nyavu zao na mabega yakatikisika.

Kesho yake Bwana Bakari, ambaye hakuwepo, alinisimulia yote.

"Na kwa nini ulikwenda yana?" Jana, yaani.

"Ilikuwa Jumanne. Jumanne ni siku ya kasi."

Akaweka spana chini. Alikuwa mtu wa kucheka kwa pua tu, lakini siku hiyo alicheka mpaka mwenye duka akatoka. Kisha akanihurumia. "Bwana Msyoka, mai hayana Jumanne. Yana mwezi." Maji ya bahari, alimaanisha. Akanichorea mchangani kwa spoku: mwezi ukiandama na ukipevuka ni bamvua, maji makubwa, na wakati wa bamvua bahari hujaa alfajiri na jioni, hutoka saa nne, saa tano. Siku za katikati ni maji mafu, mambo hugeuka. Kila mtoto wa Faza anajua hivyo kabla ya kujua herufi. Mimi nilikuwa nimeishi huko miaka na miaka nikipanga maisha kwa kalenda ya ukutani.

Nikafika nyumbani, nikaubandua ule mpango juu ya mtungi. Mwende alinisogezea dumu tupu kwa mguu.

Ndipo tukakaa tukapanga upya, yeye na mimi, na huu ndio mpango ninaotaka kuwaachia, kama kuna atakayeutaka. Asubuhi, kwenda kazini, nilikuwa mwepesi, kwa hiyo hiyo ndiyo ikawa kasi: kutoka mnazi uliopinda mpaka kwenye makaburi kwa nguvu zote, halafu polepole mpaka moyo urudi mahali pake, tena kwa nguvu mpaka nyumba ya kwanza ya Faza. Jioni, kurudi, nilipitia njia ya mashamba yenye mchanga mwingi, nikiwa na madumu ya maji huku na huku na unga nyuma. Hiyo ikawa kilima. Jumapili tulikwenda ibada Faza, Kanini mbele kwenye bomba la fremu, kaka yake nyuma, Mwende akifuata kwa miguu na wenzake wa kwaya. Huo ukawa mwendo mrefu. Jumamosi Mwende yuko chamani, mimi nabaki na watoto. Kwenye mpango iliitwa siku ya mapumziko. Aliyeiita hivyo hajawahi kubaki nao.

Sikuamini kwamba mpango huo unafaa. Nasema kweli. Niliona ni mke kanishinda kwa hoja, basi. Nguvu za kubeba unga si mazoezi, nikawaza, mazoezi ni yale ya upepo kwenye shati. Lakini kulikuwa na jambo dogo. Jioni moja gurudumu la nyuma lilikuwa na pancha ya kuvuja polepole, nami kwa uvivu sikushuka kulijaza. Nikaona ajabu: kwenye mchanga, na mzigo wote ule, baiskeli inapita juu badala ya kuzama. Gurudumu lililolegea lilitandaza mguu kama ngamia. Kila siku nilikuwa nayajaza mpaka yanalia kama ngoma, nikiona fahari. Nikamkimbilia Bwana Bakari na ugunduzi wangu.

"Punguza upepo, ndiyo," akasema bila kuinua macho. "Si nilikwambia hubembelezwa?"

Huenda aliniambia. Nimejaribu kukumbuka kama alitaja upepo, siwezi kuapa. Basi nampa yeye.

Miezi ikakatika. Kliniki mbili nikafika mapema kidogo, moja nikachelewa kabisa kwa mvua. Ikabaki moja, Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo. Daktari akaniambia atatangulia jioni ya Jumatano kwa boti, alale kwa Bi Mwanaisha na mumewe, ajionee mwenyewe asubuhi. Nami nikaenda kwa Bwana Bakari kuuliza kuhusu ule ukanda mgumu wa pwani, maana ungenipunguzia njia nusu.

"Mwezi waisha," akasema. "Ni bamvua. Alfajiri mai yamejaa tele. Sahau pwani."

Yaani njia ya mashamba, mchanga mtupu mwanzo hadi mwisho. Jioni ile nilibaki Faza, nikapanga barafu, nikalala zahanati, ila sikulala vizuri. Sitaeleza zaidi, kila mtu amewahi kukosa usingizi.

Sanduku nililichukua adhana ya alfajiri ikilia, nikapitia nyumbani kuaga, kwa kuwa Mbwajumali ilikuwa njiani. Mwende alikuwa mlangoni ameshavaa. Mwalimu mwenziwe aliamka na homa, chekechea nzima inamngoja yeye, Kanini akiwa darasani kwa mama yake hashuki mapajani, na kaka yake Kanini ameshakwenda shule. Jirani tunayemtegemea kasafiri Lamu.

"Kanini atakwenda na wewe," akasema.

"Mama Kanini! Leo? Leo Daktari yuko kule ananipima!"

"Basi amuone na yeye. Uzito wake unaujua, Jumapili zote unambeba."

Nilitaka kubishana, lakini kubishana nako kunakula saa. Nikamkalisha mbele kwenye bomba, leso imekunjwa chini yake, mikono kwenye usukani. Nyuma sanduku. Nikapunguza upepo magurudumu yote mawili. Tukaingia mchangani.

Mwanzo nilikosea, nikaenda kwa hasira ya kuchelewa, nikapiga pedali kama siku ile ya langoni. Gurudumu likaanza kuyumba. Kanini akageuka, umri wake hata jino la mbele bado halijang'oka, akaniambia vilevile nilivyomwambia mimi kila Jumapili: "Baba, nyoosha! Usicheze!" Nikanyoosha. Nikakaa nyuma kidogo, nikaacha usukani ujiendee, nikakanyaga polepole bila kuacha, bila kuacha, kama jioni za madumu. Na pale ndipo nilipohisi kitu ambacho sikukihisi kwenye ukanda mgumu hata siku moja. Miguu haikushangaa. Mzigo huu iliujua. Ilikuwa imeubeba miezi yote ile ikidhani ni unga.

Mahali pabaya kuliko pote, penye mchanga mweupe kama sukari, nilishuka nikasukuma. Sitawadanganya kwamba nilipita nimekaa. Lakini huko nyuma nilikuwa nikishuka mara nyingi, na siku hiyo nilishuka pale tu.

Tulipotokeza Mwisho jua lilikuwa limeanza kukaza. Kina mama wawili nilipishana nao njiani, majembe begani, watoto wao wameshabebwa na bibi zao kurudi nyumbani. Hao nilichelewa nao, nakiri, na Bi Mwanaisha aliwafuata majumbani siku hiyohiyo. Lakini kwenye kibaraza cha chumba chake walikuwa wamejaa wengine, leso kwa leso, vichanga vinalia. Kando yake kulikuwa na birika kubwa jeusi na vikombe vimezagaa kila mahali, na Bi Mwanaisha mwenyewe katikati anasimulia habari ya harusi fulani ambayo ilionekana wazi kwamba ameirefusha tangu mapambazuko.

"Huyo!" akapiga kelele. "Si niliwaambia yuko njiani? Kaeni, kaeni, hiyo sehemu ya mahari sijamaliza!"

Daktari alisimama mlangoni. Alimtazama Kanini, akalitazama sanduku, akanitazama mimi niliyelowa kama niliyetoka kwenye Jumanne yangu ile.

"Bwana Musyoka, umeleta chanjo au umeleta familia?"

"Vyote viwili, Daktari. Havikukubali kuachana."

Hakucheka. Alifungua sanduku mwenyewe, akatazama kipima joto, akagusa barafu ambayo bado ilikuwa na pembe. Akafunga. Kisha akakunja mikono ya shati, akaketi na Bi Mwanaisha, wakachanja watoto mmoja baada ya mwingine mpaka kibaraza kikabaki vikombe tu. Chupa zilizobaki hazikuwa nyingi za kumwaga. Mimi nilikuwa nimekaa chini, Kanini analala mapajani kwangu, nikingoja hukumu. Nilitazama lile birika. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo kama kliniki iliokolewa na miguu yangu au na chai ya Bi Mwanaisha. Nilipomuuliza yeye, alisema chai bila sanduku ni harusi bila bwana. Nadhani alikuwa ananifariji. Mnaweza kugawanya nusu kwa nusu, mimi nitaridhika, na robo ya nusu yangu ni ya Mwende, au zaidi.

Daktari alitoka akijifuta mikono, akapita mbele yangu kuelekea kwenye boti. Akasimama.

"Mwezi ujao," akasema, "huyu mtoto umwache nyumbani."

Akaendelea na safari yake. Nilichukua muda kuyageuza maneno yale kichwani. Mwezi ujao. Bi Mwanaisha aliyaelewa kabla yangu, akaanza kuosha vikombe huku anaimba.

Jioni nilirudi Mbwajumali, nikapita njia ileile, polepole, mtoto mbele, sanduku tupu nyuma, na madumu niliyoazima kwa Bi Mwanaisha yamejaa maji huku na huku. Nikamkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, nikamalizia na hukumu ya Daktari.

Mwende hakuacha kupepeta. "Mwezi ujao Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Mwalimu mwenzangu ameandikiwa wiki sita za kupumzika. Na jirani hajulikani atarudi lini. Kanini atabaki na nani?"

Mwezi uliofuata tulikwenda watatu, mimi, sanduku na Kanini, na tulifika kabla birika halijachemka.